Sikio Kabla ya Ulimi

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Neno la juma hili linatoka Isaya 50:4, ambapo mtumishi wa Bwana anasema amepewa "ulimi wa hao wafundishwao", apate kujua jinsi ya kumtegemeza kwa maneno yeye aliyechoka, na kwamba Mungu humwamsha sikio lake "asubuhi baada ya asubuhi". Kwa miaka mingi niliuhesabu mstari huu kuwa wa wahubiri. Nilianza kuusoma vingine mwaka nilipojitolea kufundisha katika shule ya msingi ya kijiji kimoja Usukumani.

Kwanza niseme ukweli kuhusu neno hilo "kujitolea", maana kanisani tunalitamka kwa wepesi mno. Hapa kwetu Tanzania, mwalimu wa kujitolea mara nyingi ni kijana aliyekwisha kuhitimu chuo, cheti anacho, lakini ajira haijamfikia. Anakwenda shuleni kwa sababu anawapenda watoto, na pia kwa sababu hataki kazi imtoke mikononi, na tena kwa sababu anatumaini kwamba siku ya kuomba ajira barua ya mwalimu mkuu itamsemea. Ndivyo nilivyokuwa. Nilikuwa najitolea na kusubiri kwa wakati mmoja, na hadi leo siwezi kuyatenga mambo hayo mawili. Sidhani kama Mungu alishangaa. Petro naye alimwuliza Bwana waziwazi, "tutapata nini basi?", na hakufukuzwa kwa kuuliza.

Siku yetu ilianza kabla ya saa moja asubuhi kwa kengele, yaani ringi kuukuu ya gurudumu iliyotundikwa kwenye mwarobaini na kugongwa kwa kipande cha nondo. Watoto walifagia uwanja, wakapanga mstari, wakakaguliwa kucha, wakaimba Wimbo wa Taifa, kisha wakaingia madarasani. Mimi nilipewa darasa la kwanza. Mgeni hupewa darasa ambalo wenyeji wameshalichoka. Kiwango kilichowekwa kwa shule za msingi ni wanafunzi 45 kwa mwalimu mmoja, nami nilikuwa nao 112. Tangu Januari 2016, serikali ilipoondoa ada na michango ya lazima, wazazi waliwaandikisha watoto kwa wingi, nasi tunamshukuru Mungu kwa hilo, ila walimu na madawati havikuongezeka kwa kasi hiyohiyo. Dawati la watatu lilibeba watano, na waliobaki waliketi sakafuni. Madaftari niliyasahihisha nikiwa natembea katikati yao, na andalio la somo niliandika usiku kwa mwanga wa simu. Mpunga ulipoanza kukomaa, viti vilipungua watu, kwa kuwa watoto wengi walikuwa mashambani tangu alfajiri wakifukuza kwelea kwelea, na waliofika walifika wakiwa wamekwisha kufanya kazi ya mtu mzima.

Katika majuma hayo nilifundisha silabi "ma". Nilichora ndoo ubaoni, nikachora na mawimbi madogo ndani yake, kisha nikamwuliza binti mmoja aliyeketi karibu na mlango, "Ndani ya ndoo mna nini?" Akasimama, akajibu kwa sauti, "Minzi." Darasa likacheka. Nikasema, "Hapana," nikamwita mwingine, naye akajibu "maji", tukampigia makofi. Yule binti aliketi, na kwa karibu majuma matatu sikuisikia tena sauti yake. Katika daftari langu nikaandika kwamba ni mzito wa kuelewa. Nayakumbuka maneno hayo kwa aibu, kwa sababu siku moja, tukiwa ofisini, mwalimu mwenzangu mzaliwa wa pale aliniambia kwa upole, "Mwalimu, yule mtoto alikujibu sawasawa. Minzi ni maji kwa Kisukuma."

Usiku huo nilifungua Isaya, nikaona kitu ambacho mwalimu wa darasa la kwanza alipaswa kukiona mapema kuliko watu wote, maana kazi yake ni herufi. Nabii hakusema ulimi wa wafundishao. Alisema ulimi wa wafundishwao. Ni herufi moja tu, hiyo "w", na mimi nilikuwa nimeiruka kila niliposoma. Ulimi wa kumtegemeza aliyechoka hupewa yule anayefundishwa bado, na kabla ya ulimi kutumika, sikio huamshwa. Tena haliamshwi mara moja siku ya mahafali, bali kila asubuhi, kama vile lililosikia jana limekwisha kulala. Nilijiuliza pia ni nani hasa aliyechoka katika mstari ule. Siku zote nilijiweka mimi hapo, pamoja na posho yangu iliyochelewa na chaki zilizonikausha vidole. Sikuwa nimemfikiria mtoto wa miaka saba aliyetoka kulinda mpunga, akatembea hadi shuleni, akatoa jibu sahihi, akaambiwa hapana.

Kesho yake niliingia darasani nikasalimia kwa Kisukuma, "Mwangaluka," wakacheka hadi walio nje ya dirisha wakasikia. Tangu hapo, kabla ya kuandika neno lolote ubaoni, niliwauliza kitu hicho nyumbani kwao kinaitwaje, nao wakanifundisha. Ilikula dakika, na silabi zilichelewa nyuma ya azimio la kazi, yaani mpango wa masomo. Mwalimu mkuu aliliona hilo, akanionya, na haki ilikuwa yake. Nilimwomba yule binti msamaha mbele ya wenzake, jambo lililomtisha zaidi kuliko lilivyomfariji, nadhani. Hakufunguka siku hiyo wala ya pili. Siku ya nne alinisahihisha matamshi.

Mwishoni mwa muhula majina ya ajira mpya yalitangazwa. Niliomba kabla ya kuifungua orodha, nikaisoma mara mbili, polepole, kwenye simu, nimesimama chini ya mwarobaini. Jina langu halikuwemo. Zamu ya juma hilo ilikuwa yangu, hivyo nikaiweka simu mfukoni, nikachukua nondo, nikagonga kengele.