Hazina ya Roma na mabati yangu

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Wiki hii imekuwa nzito kwangu. Mdogo wangu, ambaye nimekuwa nikimtumia hela za kuezeka nyumba kule nyumbani, amekiri kwamba mabati hayakununuliwa. Hela zimeliwa. Miaka mitatu ya kuamka alfajiri kumwogesha bibi ninayemtunza hapa Roma! Nilimkatia simu. Hata sala ilinigomea.

Alhamisi ni siku yangu ya mapumziko. Nikatembea mpaka chini ya kilima cha Capitolium, nikasimama mbele ya magofu ya hekalu la Saturno, mungu wao wa zamani. Zimebaki nguzo nane za mawe yaliyotoka Misri, sita za kijivu na mbili nyekundu iliyopauka. Juu kuna maandishi ya Kilatini kwamba Seneti na watu wa Roma walilijenga tena baada ya kuteketea kwa moto. Shakwe ametua juu ya maandishi hayo, na chini nyasi zimeota katikati ya mawe.

Mle ndimo ilimokuwa hazina ya dola. Waliiweka kwa mungu wao, wakiamini iko salama. Mwaka 49 kabla ya Kristo Julius Caesar, Mrumi mwenzao, akauvunja mlango akaichukua. Aliyevunja hakutoka mbali. “Na wevi huvunja na kuiba,” alisema Bwana. Nililia palepale.

Halafu nikamkumbuka Paulo. Aliingia mji huuhuu akiwa mfungwa, hekalu likiwa bado limesimama. Matendo 28 inasema alikaa miaka miwili mizima katika nyumba aliyoipanga. Nyumba ya kupanga, wapendwa! Ana mnyororo, ana askari wa kumlinda, na bado anawakaribisha wote wanaomwendea.

Ndugu zangu mlio ughaibuni, nisikilizeni, na mimi nimo. Nyumba ya nyumbani tumeigeuza hekalu. Tunapiga simu kuuliza saruji imefika mifuko mingapi, tunadai picha za msingi, picha za lenta, na mama aliyeshika simu hatumwulizi amelalaje. Kuna ndugu wa tumbo moja hawasalimiani kwa ajili ya tofali. Tutasimamaje madhabahuni kuimba? Jenga, ndiyo, jenga. Lakini moyo wako usiuezeke pamoja na nyumba. Rudi kwa watu wako. Leo, kabla hujalala, piga simu isiyo na habari za fundi.

Sisemi mdogo wangu hakukosa. Amekosa, na nitamwambia.

Usiku ule nilimpigia. Akapokea, kimya. Nikamwuliza mama anaendeleaje. Akasema mguu umevimba tangu mwezi uliopita, hatembei vizuri, na yeye ndiye anayempeleka zahanati kila wiki. Mwezi mzima, nami sikuwa nimeuliza.

Mabati tutayaongea Jumapili. Naomba mnisaidie kumwombea mama.