Paundi 850 za kujaziwa fomu ya bure

Jamani, kuna Mbongo mwenzetu huku Midlands, Uingereza, amekula paundi 850 za dada mmoja kwa ahadi ya kumzuilia nyumba isichukuliwe na benki. Kazi yenyewe aliyoifanya ni kujaza fomu N11M, ile ya kujitetea inayokuja pamoja na karatasi za mahakama. Fomu haina ada. Na bado kaijaza hovyo: pale wanapouliza utaweza kulipa kiasi gani kila mwezi kupunguza malimbikizo (marejesho uliyokosa kulipa), pamebaki peupe. Dada mwenyewe ana watoto watatu, zamu zake za usiku kwenye nyumba ya wazee zimepunguzwa, halafu anatoa 850. Mnaojenga pigeni hesabu wenyewe hiyo ni mabati mangapi.

Kausha damu, wale wakopeshaji wa kunyonya, tulidhani tumewaacha Buguruni. Kumbe wengine walipanda ndege.

Naandika nikiwa na hasira, mnisamehe lugha. Mimi na baba watoto yametukuta hayo hayo, tumefika mpaka mbele ya jaji, na nyumba tunayo. Waliotusaidia hawakutudai hata chai.

Kwa mlioko nyumbani, mogeji (mkopo wa kununulia nyumba) ni mnyama mwingine kabisa. Sisi tumezoea kiwanja, tofali mia leo, mia baada ya Idi, msingi unakaa masika mawili ukiota majani, mwaka fulani unafika lenta, mwaka mwingine Mungu akijalia unapaua. Watu wanahamia madirisha bado yamezibwa na maturubai. Inachosha, lakini hakuna mtu anayekudai tarehe moja. Huku unakabidhiwa nyumba ina zulia na maji ya moto, pamoja na deni la miaka 30. Ukituma picha ya funguo kwenye grupu la familia wote wanajibu hongera, umejenga. Kwenye hati jina ni lako kweli, ila benki nayo imeandikishwa hapo hapo, na haisahau.

Tulinunua Coventry, Septemba 2021. Mkopo paundi 171,000, riba imefungwa isibadilike kwa miaka miwili, rejesho kama 660 kwa mwezi. Wakati ule riba ya Benki Kuu ya Uingereza ilikuwa asilimia 0.1, na kupanga nyumba ya ukubwa ule kungetugharimu zaidi ya hapo. Nani angekataa? Mnaojua riba za mikopo ya nyumba Bongo mtanielewa. Miaka miwili ilipokwisha Benki Kuu ilikuwa imefika 5.25, na rejesho letu likaruka mpaka elfu moja na kidogo. Nyumba ile ile, bomba lile lile linalovuja chini ya sinki. Kama haitoshi, mgongo wa baba watoto ukagoma kule ghalani anakobeba boksi, na wakala wakaacha kumpigia simu. Huku kwenye kazi za wakala hufukuzwi, simu tu inanyamaza.

Benki mwanzoni haikuwa mbaya, niseme ukweli. Juni 2023 serikali na mabenki mengi walikubaliana mambo kadhaa: mteja anaweza kuomba alipe riba peke yake kwa miezi sita, na isipokuwa kwa sababu nzito hatatolewa nyumbani bila ridhaa yake kabla ya mwaka kupita tangu rejesho la kwanza alilokosa. Tukalipa riba tu, mia nane na ushee. Miezi sita ikaisha, mgongo haujaisha. Kuanzia hapo ndipo nilipojua rangi yao. Ukipiga simu unasikilizishwa muziki dakika arobaini, anapokea kijana ambaye hajawahi kuliona faili lako, unamsimulia upya kuanzia mgongo, anakusikiliza kwa adabu kabisa, halafu anauliza: "Je, unaweza kulipa deni lote leo?" Baba, ningekuwa na paundi 6,400 zote za malimbikizo leo ningekupigia simu ya nini? Kesho yake mwingine. Na kila barua inayotoka kwa mawakili wao, gharama yake wanaipachika kwenye deni lako.

Kisha ikaja bahasha ya mahakama.

Sikilizeni vizuri hapa, maana ndipo watu wetu wanapofia. Hiyo bahasha si amri ya kuhama. Ni mwaliko wa kwenda kujieleza. Huku England na Wales benki haiwezi kukutoa ndani ya nyumba unayoishi mpaka ipate amri ya mahakama, na kabla ya kwenda huko inatakiwa ionyeshe kwamba imejaribu njia nyingine na imeyafikiria mapendekezo yako. (Walioko Scotland wana sheria yao, msinifuate mimi.) Lakini namjua kaka mmoja, mtu mzima na heshima zake, mzungumzaji wa kamati zote za misiba mjini, alikuwa anaweka barua hizo kwenye buti la gari ili shemeji yetu asizione. Siku ya kesi hakwenda. Jaji akasoma karatasi za upande mmoja, akatoa siku 28 za kuhama. Shemeji alijua mambo siku madalali wa mahakama walipoleta notisi mlangoni. Aibu, ndugu zangu. Mtu yuko radhi apoteze nyumba kuliko watu wajue anadaiwa, halafu nyumba ikienda wanajua wote pamoja na walioko Mbagala.

Msaada wa bure wenyewe ndio huu. Tangu Agosti 2023 kuna huduma ya serikali ya kuzuia watu kupoteza makazi: ukishapata maandishi kwamba mtu anataka kuichukua nyumba yako, una haki ya kuonana na mshauri wa sheria bila malipo, na hawaangalii kipato chako. Siku ya kesi pia wakili wa zamu yupo pale pale mahakamani. Wasiokuwa na haki ya misaada ya umma kwenye viza zao wasiogope, msaada wa kisheria haumo kwenye orodha ya misaada iliyokatazwa. Upande wa madeni kuna mashirika ya ushauri: Citizens Advice, Shelter, StepChange na National Debtline. Wote bure. Sisi tulianzia kwa mshauri wa madeni, mama wa Kigujarati mwenye sauti ya ualimu, alituuliza kuhusu kadi za benki kabla hata hatujakaa vizuri. Yeye ndiye alitueleza habari ya siku 60 za kupumua: mshauri anakuandikisha, wadai wanasimama, riba na ada za kwenye malimbikizo zinasimama. Ila rejesho la mwezi unaendelea kulipa, huo si likizo. Na mnaopokea Universal Credit, posho ya serikali kwa wenye kipato kidogo, baada ya miezi mitatu mnaweza kuomba serikali iwalipie riba ya mogeji. Siku hizi ni mkopo unaowekwa juu ya nyumba, si zawadi kama zamani kabla ya 2018, na malimbikizo haugusi.

Tulipofika mahakamani nilikuwa nimevaa kama naenda kwenye mahari. Nilitegemea majoho na mawigi kama kwenye televisheni. Hakuna. Ni korido yenye viti vya plastiki, watu wamekumbatia bahasha zao kama tunavyosubiri kuitwa Muhimbili. Akaja kijana mmoja nadhifu, akanitaja kwa jina, mpole, anataka "tuongee kidogo kabla ya kuingia ili tusimsumbue jaji". Anapendekeza 300 kila mwezi juu ya rejesho. Nilikaribia kusema ndiyo, kwa ule upole. Huyo, ndugu zangu, ni wakili wa benki. Muulizeni kila anayewajia koridoni: wewe ni wa nani?

Wa kwetu tulimkuta kwenye chumba kidogo mwisho wa korido, mdada wa Kizungu mwenye mafua, rundo la mafaili, siku hiyo ana watu wengine kibao baada yetu. Nilimpa hati za mishahara, taarifa ya benki, barua ya daktari kuhusu mgongo, na barua ya kazi mpya ya baba watoto, saa chache kwa wiki lakini kazi. Alisoma haraka huku akipiga mstari. Kisha akasimamisha kalamu kwenye matumizi.

"Hii 150 inayotoka kila mwezi kwenda Tanzania ni ya nini?"

Ni ya Mama. Dawa za presha na sukari, na msichana anayemsaidia. Ungemwelezaje mtu ambaye mama yake analipwa pensheni? Nilijiandaa kutetea, hata machozi nilikuwa nayo karibu. Hakubisha. Aliuliza nina ndugu wangapi. Wanne. Wanachangia? Hapo nikanyamaza, maana hilo swali hata sisi wenyewe kwenye familia haturuhusiwi kuuliza. Akasema taratibu kwamba hawezi kunipangia nimpe nini mama yangu, ila jaji atataka kuona nyumba inalipwa kabla ya mengine yote, na wakili wa benki atalitafuta tundu hilo hilo. Kwa Mama tukaandika 60. Mwaka mzima nilikuwa nabishana na kichwa changu kuhusu zile pesa, mtu asiyemjua Mama akazimaliza kwa kalamu ya wino wa kijani. Siku ile nilimchukia, nikamshukuru, vyote kwa pamoja.

Ndani hatukukaa dakika kumi. Chumba kama ofisi ya afisa wa wilaya, jaji kavaa suti, anamwita kila mtu bwana na bibi. Wa benki akasema 300, vinginevyo nyumba. Mdada wetu akajipenga kamasi, akataja sheria ya mwaka 1970 inayompa jaji uwezo wa kusimamisha amri ikiwa mdaiwa ataweza kumaliza malimbikizo ndani ya muda unaofaa. Muda unaofaa ni upi? Akataja kesi ya Norgan ya miaka ya tisini, Mahakama ya Rufaa ilisema pa kuanzia ni muda wote uliobaki wa mkopo. Kwetu imebaki miaka 26. Gawanya 6,400 kwa miezi hiyo, unapata paundi ishirini na senti kadhaa. Sisi tunatoa 60 kila mwezi kwenye malimbikizo. Yule kijana nadhifu alifungua faili lake akalifunga. Jaji akaandika: benki imepewa amri, lakini amri imesimamishwa maadamu tunalipa rejesho na 60 juu yake.

Mia tatu ilikuwa itutoe roho ndani ya miezi miwili. Ndiyo maana hii 850 ya huyu bwana inaniuma kuliko ingekuwa yangu.

Yule dada nimeshampeleka kwa mshauri, fomu imeandikwa upya, na huyo mama wa Kigujarati amemwambia hata kama siku 14 za kuirudisha zimepita aende na nakala mkononi, jaji atamsikiliza. Ambao mmeshafika kwenye notisi ya madalali, bado kuna fomu N244 ya kuomba wasimamishwe, na ada yake mwenye kipato kidogo anaweza kuomba asamehewe. Na tafadhali msirudishe funguo benki kwa kudhani mmemaliza. Deni linabaki, wakiuza kwa bei isiyotosha wanakufuata kwa kilichopungua, na ukienda halmashauri kuomba pa kulala wanaweza kukujibu kwamba umejitoa mwenyewe. Vile vikampuni vya "tunanunua nyumba yako wiki hii kwa pesa taslimu" viachieni vipeperushi vyao mlangoni.

Mnaotaka kuja, njooni, sijamkataza mtu. Ila mkinunua, pigeni hesabu ya rejesho riba ikiwa imepanda mara mbili, mkiwa na mshahara mmoja, na mgonjwa ndani. Ikikataa, pangeni. Kupanga huku kwa kawaida kodi unalipa mwezi kwa mwezi. Na msilinganishe na picha zetu. Nusu ya hizo sebule mnazozisifia zina bahasha ambazo hazijafunguliwa nyuma ya televisheni.

Kaka zangu nimewatumia jedwali la dawa za Mama, kila mmoja na mwezi wake. Mmoja amejibu kwa dole gumba, wawili wamesoma wakanyamaza, wa mwisho ameuliza kama huku London hali imekuwa mbaya hivyo. Sijawahi kuishi London.

Tarehe moja ikifika, rejesho na 60 vinatoka kabla hatujanunua hata mkate. Kwa hiyo kamati ya harusi ya Desemba, kadi yangu ya mchango mpeni mwingine.