Siku Moja Maishani Mwangu: Mwalimu wa Hisabati, Wete

Saa 12:30 asubuhi. Nakata chelewa za somo la leo la pembenne, yaani maumbo ya pande nne. Kila kundi litapata mbili za sentimita 12, mbili za sentimita 8 na uzi wa kufungia ncha. Chelewa ziwe kavu. Mbichi hupinda, na upande uliopinda haupimiki.

Saa 2:00. Skuli imeanza. Swali la kwanza huwa moja: umbo lina jozi ngapi za pande sambamba? Hakuna, moja, au mbili. Urefu na pembe vinasubiri. Anayeanza na urefu hudhani pande zinazolingana ndizo sambamba, na trapeza yenye miguu sawa humnasa papo hapo: miguu, yaani pande zake mbili zisizo sambamba, ina urefu sawa. Ubaoni mshale ni alama ya usambamba, kistari ni alama ya urefu sawa.

Saa 2:40. Kupima, maana jicho hudanganya. Laza ukingo wa skwea, kile kipimo cha pembetatu cha mkebeni, juu ya upande mmoja, egemeza rula kwenye ukingo mwingine wa skwea, bana rula kwa mkono, kisha serereza skwea mpaka upande wa pili. Ukingo ukilala sawasawa juu ya mstari, pande ni sambamba. Rula ikiteleza, anza upya. Ambaye mkebe wake hauna skwea apime umbali baina ya mistari mahali pawili, kwa nyuzi 90. Akipima mshazari, vipimo havina maana.

Saa 3:30. Hapa ndipo darasa linapochangamka. Fungeni chelewa kwa mpangilio wa 12, 8, 12, 8 bila kuzikatiza: mnapata msambamba, jozi mbili. Zifungueni, mpange 12, 12, 8, 8: ni kishada, na hakuna jozi hata moja. Chelewa ni zilezile, kilichobadilika ni jirani tu. Rudini kwenye msambamba, msukume kona: unainama, lakini jozi zote mbili zinabaki. Mistari yote miwili ya ulalo, kutoka kona hadi kona ya mkabala, ikifika karibu sentimita 14.4, kona ni nyuzi 90 na umbo ni mstatili.

Saa 5:00. Mjadala wa trapeza. Vitabu vingine husema “jozi moja tu”, vingine “angalau jozi moja”. Kwa maana ya pili msambamba nao ni trapeza, nami naipenda zaidi, kwa sababu kanuni ya eneo, nusu ya jumla ya pande sambamba mara kimo, hufanya kazi kwa yote. Lakini kwenye mtihani fuateni kitabu cha darasa.

Saa 8:00 mchana. Kusahihisha. Trapeza ambayo pande zake sambamba zimesimama wima wengi wameiruka. Dawa ni kugeuza daftari. Aliyeita “rombasi” mraba uliosimama kwa ncha hakukosea, kwani rombasi ni umbo la pande nne zilizo sawa na kila mraba ni rombasi, ila hajamaliza. Nampa alama moja kati ya mbili na kumwandikia pembeni: pima pembe.