Nilivyoanzisha karakana ya maboksi Mafinga

Wengi wanaamini kutengeneza vifungashio ni kazi ya Dar, tena ya mwenye mashine kubwa. Mimi nipo Mafinga, mkoani Iringa, na nakula kwa kazi hiyo. Naandika kwa ajili ya yeyote aliye kwenye mji mdogo anayetaka kuanza.

Karatasi kwetu si kitu kigeni. Misitu ya misonobari ya Sao Hill imetuzunguka, na kiwanda cha karatasi cha Mgololo kipo wilayani kwetu tangu miaka ya 1980. Pamoja na hayo, waokaji wa keki wa hapa walikuwa wanaagiza maboksi Kariakoo, yakifika na basi kona zimeshapondeka. Mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019, kila mwenye duka akaanza kuulizia vifungashio vya karatasi. Hapo nikaona riziki ipo.

Aliyenipa moyo ni fundi viatu mmoja wa Marekani. Mwaka 1844 Aaron Dennison, aliyekuwa akiuza vito na saa Boston, hakuridhika na vijiboksi vya vito vilivyokuwa vikiagizwa Ulaya. Akampelekea kazi hiyo baba yake, Andrew, aliyekuwa anashona viatu katika mji mdogo wa Brunswick, jimbo la Maine, wakaanza kuvitengeneza nyumbani. Hebu fikiria: mzee aliyezoea kukata ngozi ifuate mguu, sasa anakata karatasi ngumu ifuate pete! Aaron akabuni kimashine cha kurahisisha kazi, kisha akahamia kwenye saa. Mdogo wake Eliphalet ndiye aliyeikuza biashara, na mwaka 1863 akapata hataza ya lebo iliyoimarishwa kwa viduara vya karatasi kwenye tundu la kamba ili isichanike. Kampuni ile baadaye ilihamia Framingham, Massachusetts, na mwaka 1990 ikaungana na Avery kuwa Avery Dennison, ambayo ipo hadi leo. Ukubwa huo ni jambo la kusifiwa, lakini mimi nilishika pale mwanzo: walianza na kitu cha mteja, boksi likafuata.

Kwa hiyo sikuanza kwa kununua karatasi. Nilienda kwa mama mmoja muoka keki nikiwa na futi ya kupimia, nikapima kibao anachowekea keki, nikapima na kimo mpaka juu ya maua ya krimu. Akaniambia, "Mwanangu, mimi nataka lisipwaye. Keki ikihama ndani, krimu yote inagusa ukuta." Ndani ya boksi nikaacha nafasi ya milimita chache tu kuzunguka kibao.

Shida ilikuwa mkunjo. Manila ya gramu 300 kwa mita ya mraba ukiikunja hivi hivi inapasuka mgongoni, na boksi jeupe likipasuka linaonekana kuukuu kabla halijatumika. Sababu ni nyuzi. Kiwandani rojo la karatasi hukimbia kuelekea upande mmoja, kwa hiyo nyuzi nyingi hulala upande huo. Chana kipande: upande wa nyuzi kinachanika kwa mstari ulionyooka, upande wa pili kinakwenda upogo. Mkunjo unaofuata nyuzi hulala vizuri, unaozikata hukataa. Bawaba ya kifuniko, inayofunguliwa mara kwa mara, naipanga ifuate nyuzi kila mara. Mikunjo mingine naitengenezea mfereji kwanza: karatasi inalala juu ya kijia chembamba kwenye ubao, chuma butu kinaikandamiza, ndipo inakunjwa.

Kwa mkono kazi hiyo inachosha na haiendi mbali. Hapo nilimkumbuka Robert Gair, mtengeneza mifuko ya karatasi wa Brooklyn, New York. Mwaka 1879 kiwanda chake kilikuwa kinachapa mifuko, rula ya chuma iliyotakiwa kukunja ikapanda kidogo na kuikata. Akatambua kwamba vyuma vya kukata na vya kukunja vikiwekwa pamoja, pigo moja linamaliza kazi zote mbili. Nilimchorea seremala boksi lililotandazwa, akachimba mistari kwenye plaiwudi. Kwenye mistari tukachomeka vyuma vyenye makali pa kukata, na butu vilivyo vifupi kidogo pa kukunja. Pembeni ya makali tukabandika sponji ngumu ili karatasi isinase. Fundi wa kuchomelea akanitengenezea presi ya kukaza kwa skrubu. Mtaji ulitoka VICOBA, na nasema wazi bila kikundi kile nisingefika popote.

Boksi langu la keki halina gundi, masikio yake yanaingiliana. Pia situmii katoni kuukuu kufungashia chakula, hata mteja akiomba nafuu, kwa sababu ya wino na uchafu uliokwisha kuingia humo. Mabaki ya manila nayakatia vijiboksi vya hereni.

Sasa amekuja muuza asali. Chupa ni nzito, na manila peke yake inalegea kitakoni, hivyo nimeongeza kitako cha tabaka mbili na kizuizi kati ya chupa na chupa. Vipimo nimevichukua kwenye chupa zake mwenyewe, zikiwa zimejaa na vifuniko vimefungwa.