Kioo cha Umoja: kumbukumbu za seva isiyofuta kitu mapema

Debian, mfumo huria wa kuendeshea kompyuta, kwa kawaida hutoa matoleo yake siku ya Jumamosi. Darasa letu la kompyuta hapa Umoja, Nairobi, nalo ni la Jumamosi. Yaweke mambo hayo mawili kwenye chumba chenye kompyuta kumi na nne za mitumba na laini moja ya intaneti, na utaelewa kwa nini nimetumia zaidi ya mwaka kujenga kitu ambacho mwenye mtandao wa kasi hata hakifikirii.

Kioo ni seva inayoweka nakala ya programu huria ili watu wapakue kutoka karibu badala ya kuvuka bahari kila mara. Changu ni kompyuta ya mezani niliyoinunua Luthuli Avenue, ina diski ya terabaiti 2, na imefungwa kwenye mguu wa meza kwa mnyororo wa baiskeli. Ndani kuna Debian, programu za ofisi za LibreOffice (hata za Windows, kwa wanaokuja na laptopu zao), VLC ya kuchezea video, na GCompris, michezo ya kujifunzia ya watoto. Naandika haya kutoka kwenye daftari langu kabla sijasahau nilikosea wapi.

Mei 2024

Tarehe 12 nyaya mbili za baharini, EASSy na SEACOM, zilikatika na Afrika Mashariki ikaanza kujikokota mtandaoni. Jumamosi iliyofuata wanafunzi sita walikuwa wakipakua LibreOffice kwa wakati mmoja, kila mmoja faili ileile ya megabaiti 350 hivi. Hadi tunafunga mlango hakuna aliyemaliza.

Wiki hiyo nikaweka apt-cacher-ng. Kazi yake ni rahisi: mashine ya kwanza ikiomba kifurushi cha programu, hukileta na kukiweka akiba, na mashine zinazofuata hupewa kile kile. Ilinichukua chini ya nusu saa, nikajiona fundi. Kasoro yake sikuiona hadi baadaye. Akiba hukumbuka tu kile ambacho mtu alishawahi kukiomba. Kilichobaki kiko ng'ambo, na huko ng'ambo kuna watu wanaofagia.

31 Agosti na 1 Septemba 2024

Jumamosi tulikuwa tunasakinisha upya mashine zote kwa njia ya mtandao. Mashine inawaka, inachukua kisakinishi kidogo kutoka kwa seva yangu, halafu kisakinishi hicho kinaenda kwenye hazina ya Debian, yaani ghala la vifurushi vyake mtandaoni, kuchukua moduli za keneli (vipande vya kiini cha mfumo) na vitu vingine. Nne ziliingia bila shida. Stima ikapotea, tukakubaliana kurudi Jumapili baada ya kanisa.

Jumapili mashine ya tano ikagoma. Ujumbe ulisema hakuna moduli za keneli zilizopatikana. Nikabadilisha waya. Nikabadilisha mashine. Nikaifungua swichi na kuipuliza vumbi, jambo ambalo halijawahi kusaidia mtu yeyote lakini sote hulifanya. Mwanafunzi mmoja akaniuliza kwa upole, "Mwalimu, kwani jana na leo kuna tofauti gani?"

Tofauti ilikuwa kwamba Jumamosi ile ile Debian 12.7 ilikuwa imetoka. Kisakinishi changu kilikuwa cha 12.6, kikitafuta moduli za keneli ya 12.6, na katika hazina moduli hizo zilikuwa zimeondolewa na nafasi yake kuchukuliwa na mpya zenye namba nyingine. Kila upande ulikuwa mzima. Kisakinishi changu kilikuwa kimesimama kwenye toleo moja na hazina kwenye jingine, na katikati hakuna daraja.

Kwenye ubao nako nilikuwa nimeandika anwani ya faili ya kusakinishia, pamoja na namba 12.6.0 kwenye jina lake. Nayo ikafa siku hiyo hiyo. Faili haikupotea duniani, ilihamishiwa kwenye nyaraka za matoleo ya zamani, lakini mtoto wa darasa la saba aliyenakili anwani kwenye daftari lake hajui hilo. Anachojua ni kwamba mwalimu alimpa anwani ya uongo.

Septemba na Oktoba 2024

Nikaacha akiba, nikaanza kujenga kioo chenyewe kwa rsync. Chombo hiki kimekuwepo tangu 1996 na bado sijaona kinachokishinda kwa mtu mwenye laini nyembamba: hulinganisha faili za pande mbili na kusafirisha sehemu zilizobadilika tu.

Kilichonifundisha zaidi ni kusoma jinsi vioo rasmi vya Debian vinavyojisasisha. Vinafanya kwa awamu mbili. Kwanza huletwa vifurushi vyenyewe. Vikishafika vyote ndipo faharasa, yaani orodha inayosema kuna nini, inabadilishwa, na kufuta vitu vya zamani huja mwisho kabisa. Mwenye kioski anajua utaratibu huu bila kufundishwa. Haandiki ukutani kwamba unga umefika wakati lori bado liko Mlolongo, na hatupi mabaki ya juzi kabla hajashusha magunia.

Mimi nilitaka kuongeza jambo moja: toleo la jana libaki zima, pamoja na kisakinishi chake, hata baada ya la leo kuingia. Kwa hiyo kila usasishaji una folda yake yenye tarehe. Ungedhani diski itajaa kwa wiki mbili, lakini katika Linux, ambayo ndiyo msingi wa Debian, faili moja inaweza kuwa na majina mengi. Ni kama mtu mwenye jina la nyumbani na jina la shule. Likifutwa moja kwenye rejista, mtu mwenyewe bado yupo, na hatoweki hadi jina lake la mwisho lifutwe. Amri ya cp -al hutengeneza folda mpya ambayo ni majina matupu ya faili zilezile, kisha rsync hubadilisha zile tu zilizobadilika. Folda nne za tarehe tofauti hazikunila hata nusu ya diski.

Juu ya folda hizo kuna kiungo kimoja kinachoitwa "sasa". Mashine zote za darasa zinajua anwani hiyo tu. Toleo jipya likiwa tayari, nahamisha kiungo, basi. Kwenye ubao pia sasa kuna anwani isiyo na namba.

Hapa niligundua kitu kidogo kilichoninyima usingizi. Amri ya ln -sfn, ambayo kila mtu huitumia kuhamisha kiungo, katika matoleo yake ya zamani ilifuta kwanza kile cha zamani halafu ikaunda kipya, nami sikutaka kutegemea toleo la amri. Kati ya hatua hizo mbili hakukuwa na "sasa". Ni sehemu ndogo mno ya sekunde, na kwa mashine kumi na nne uwezekano wa mmoja kugonga hapo ni mdogo kuliko wa kupata kiti kwenye matatu ya saa moja asubuhi. Lakini mradi wenyewe unahusu mwanya huo huo! Nikaunda kiungo kipya kwa jina la muda, kisha mv -T ikakiweka juu ya cha zamani kwa pigo moja. Mwanya ukafungwa, nikalala.

9 Novemba 2024

Debian 12.8 ikatoka, Jumamosi bila shaka. Nilikuwa nimejiandaa na hata nikatabasamu. Folda mpya ikajaa usiku, "sasa" ikabaki ikitazama ya Septemba, kila kitu kama nilivyopanga.

Asubuhi mashine tunayoiita Bibi, ambayo ndiyo kongwe kuliko zote, ikakataa kusakinisha kutoka kwenye folda ya zamani. Ya zamani, ambayo sikuigusa! Faharasa ya Septemba ilikuwa inataja vifurushi vya Novemba.

Kosa lilikuwa langu. Nilikuwa nimeongeza chaguo la --inplace kwenye rsync kwa sababu nilisoma linaokoa nafasi. Kwa kawaida rsync huandika faili mpya pembeni, kisha huibadilishia jina, na faili ya zamani hubaki salama chini ya jina lake jingine. Ukiweka --inplace, inaandika ndani ya faili ileile. Na kama faili ileile ina majina mawili, umebadilisha zote mbili. Mtu mwenye jina la nyumbani na jina la shule akinyolewa shuleni, nyumbani pia atafika na kipara.

Vifurushi havikudhurika kwa sababu kila toleo la kifurushi lina jina la faili lake. Zilizoharibika ni faharasa, ambazo majina yake hayabadiliki. Nikaokolewa na snapshot.debian.org, ambako nakala za hazina ya Debian zinatunzwa kwa tarehe tangu 2005. Nikachota faharasa za toleo la 12.7, nikazirudisha mahali pake, nikafuta --inplace. Kwenye skripti, yaani faili ya amri zangu, mstari ule sasa una maneno matatu ya Kiswahili ambayo siwezi kuyaandika hapa.

Desemba 2024

Nimeweka sharti: kabla "sasa" haijahama, skripti inakagua saini ya faharasa, inalinganisha alama za SHA256 za faili zote (ni kama alama za vidole za kila faili), kisha Bibi anasakinishwa kutoka mwanzo hadi mwisho kutoka kwenye folda mpya. Bibi akiwaka na LibreOffice ikafunguka, tunahama. Akigoma, tunabaki tulipo hata kama ni mwezi mzima.

Wanafunzi wakubwa wananiuliza kwa nini sihami siku ile ile toleo linapotoka. Huwa nawasimulia ya Desemba 2023. Tarehe 9 Debian 12.3 ilikuwa inatoka, ikagundulika kwamba keneli yake ilikuwa na hitilafu inayoweza kuharibu data kwenye diski zilizopangwa kwa ext4, ambao ndio mpangilio wa kawaida wa Debian. Faili za kusakinishia za 12.3 zikasitishwa, na tarehe 10 ikatoka 12.4. Aliyekawia siku mbili hakujua kama kulikuwa na kitu. Ukikutana na mtu anakuuzia diski ya Debian 12.3, ondoka taratibu.

Lakini kukaa na la zamani kuna gharama yake, na hili sikulizingatia mwanzoni. Niligandisha pia hazina ya masasisho ya usalama, nikidhani naongeza uhakika. Baada ya siku chache apt, programu ya Debian ya kuleta vifurushi, ikaanza kulalamika kwamba faharasa imepitwa na wakati. Faharasa ya hazina ile ina tarehe ya mwisho wa kutumika, imewekwa makusudi ili mtu mbaya asikupe milele orodha ya juzi yenye matundu yanayojulikana. Kuna namna ya kuzima ukaguzi huo, na nimewaona watu wakiipendekeza. Mimi nimekataa. Folda zilizogandishwa ni za kusakinishia tu. Mashine ikishawaka, masasisho ya usalama inayachukua mabichi, polepole usiku, watu wakiwa wamelala.

9 Agosti 2025

Debian 13, "trixie". Jumamosi. Safari hii sikuhangaika na mwanya. Kilichonisumbua ni kwamba trixie haina tena kisakinishi wala keneli ya mashine za biti 32, yaani zile za kizazi cha zamani. Ninazo tatu darasani, Bibi akiwa mmoja wao. Kwa hiyo kwa mara ya kwanza nina viungo viwili: "sasa" ya biti 64, ambayo itaenda trixie baada ya kujaribiwa kwenye mashine nyingine, na "bibi", inayobaki kwenye bookworm, yaani Debian 12. Jina limependekezwa na darasa, mimi nilitaka la heshima zaidi.

Wiki mbili baadaye fundi mmoja wa Luthuli, anayetengeneza mashine za saiba za mitaani, alinipigia simu. Kiungo alichokuwa akikitumia miaka yote kilikuwa kimehama na kazi tano zilikuwa zimelala mezani.

"Mwalimu, ile ya biti 32 bado unayo, ama na wewe umetupa?"

"Iko, kaka. Njoo na flashi."

Alikuja na flashi tatu na mfuko wa njugu. Wakati faili zikinakiliwa aliniuliza itaendelea kuwepo hadi lini. Nikamwambia kuwepo kwenye diski yangu si shida, nafasi ninayo. Shida ni masasisho ya usalama, na yale ya muda mrefu ya Debian 12 yamepangwa kuisha 30 Juni 2028. Akaomba kalamu, akakata kipande cha selotepu, akaandika tarehe hiyo na kuibandika kwenye flashi. Nimebandika moja pia kwenye kasha la Bibi, nyuma, karibu na feni, mahali ambapo wanafunzi hawawezi kuibandua.