Kwa nini njia ya mwongo inakuwa ndefu: kumbukumbu ya mradi wangu wa kusoma riwaya za udikteta

Wiki ya kwanza

Mradi huu umetokana na swali lililonikaa tangu niliposoma kwa mara ya kwanza Shamba la Wanyama, tafsiri ya Kiswahili ya Fortunatus Kawegere iliyotoka mwaka 1967. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Nguruwe wa hadithi ile, waliotwaa utawala baada ya wanyama kumfukuza mwenye shamba, hata hivyo, wanadanganya tangu siku ya kwanza yalipopotea maziwa hadi ukurasa wa mwisho, na njia yao haifiki kikomo. Wala si kwamba ni waongo mahiri. Amri zimeandikwa ukutani kwa herufi kubwa, zinabadilishwa usiku, na wanyama wanapozisoma upya wanadhani ni wao waliosahau. Ninataka kujua ni kitu gani kinachoirefusha njia ya uongo dhaifu namna hiyo.

Nimechagua riwaya sita za distopia, yaani za jamii za kubuni zilizo chini ya utawala wa kutisha: Sisi ya Yevgeny Zamyatin, ambayo ilichapishwa kwa Kiingereza mwaka 1924 na haikuchapishwa katika nchi yake mwenyewe hadi 1988; Shamba la Wanyama (1945) na 1984 (1949) za George Orwell; Fahrenheit 451 ya Ray Bradbury (1953); riwaya ya Margaret Atwood ya mwaka 1985 inayosimuliwa na kijakazi wa nchi ya Gilead; na kitabu cha pili cha Suzanne Collins kuhusu nchi ya Panem (2009). Kila tukio linalohusu mbinu za watawala ninaliandikia kadi yake. Kadi nyeupe ni za hofu, yaani adhabu, upelelezi na vitisho. Kadi za njano ni za hadaa, yaani habari za uongo, historia iliyopotoshwa na maneno yaliyogeuzwa maana.

Wiki ya tatu

Mpangilio wangu umevunjika mapema kuliko nilivyotarajia. Nimerudia ukurasa ambao Squealer, msemaji wa nguruwe, anawaeleza wanyama kwamba Napoleon, nguruwe mtawala, hakuwahi kuupinga mradi wa kinu cha upepo na kwamba ramani zake ziliibwa na Snowball, nguruwe mpinzani wake aliyefukuzwa. Maelezo hayo hayaingii akilini, kwa sababu wote walimwona Napoleon akiupinga. Lakini Squealer anazungumza kwa ushawishi mkubwa, na mbwa watatu alioandamana nao wananguruma kwa namna ambayo hakuna anayeuliza swali la pili. Je, kadi hii niipake rangi gani? Nikiondoa mbwa, uongo unaanguka. Nikiuondoa uongo, mbwa wanabaki wakatili wa kawaida ambao mtu anaweza kuwachukia waziwazi.

Jambo hilohilo limejitokeza katika 1984 kutoka upande wa pili. Skrini iliyo chumbani inaona na kusikia, lakini Winston Smith, mhusika mkuu, hawezi kujua ni saa ngapi anatazamwa na ni saa ngapi hatazamwi. Hofu yenyewe imejengwa juu ya jambo lililofichwa. Kama raia wangejua ratiba ya watazamaji, wangeishi kwa uhuru katika saa zilizobaki. Kwa hiyo nimeacha kutenganisha rangi. Sasa kila kadi ina pande mbili, na mradi wangu umekuwa wa kuuliza namna upande mmoja unavyoutegemea mwingine.

Wiki ya tano

Wiki hii nimekaa na tukio moja tu, na sijutii muda nilioutumia. Ni tukio la chokoleti. Winston anajua, kwa sababu kazi yake katika Wizara ya Ukweli ni kuandika upya habari za zamani, kwamba mgao wa chokoleti unapunguzwa kutoka gramu 30 hadi gramu 20. Siku moja baadaye, akiwa katika bwalo la chakula, anasikia skrini ikitangaza kwamba watu wameandamana kumshukuru Kaka Mkubwa, kiongozi wa nchi, kwa kuuongeza mgao hadi gramu 20. Anawatazama walio karibu naye. Parsons, jirani yake, anaumeza uongo huo kirahisi, kama mnyama. Mtu wa meza ya pili anaumeza kwa jazba, akiwa tayari kumwangamiza yeyote atakayethubutu kusema kwamba wiki iliyopita mgao ulikuwa gramu 30. Syme, mwenzake wa kazini ambaye ni mwerevu, anaumeza pia, ila kwa njia ndefu zaidi. Ndipo Winston anajiuliza kama ni yeye peke yake duniani mwenye kumbukumbu.

Nadhani swali hilo la Winston ndilo jibu nililokuwa nikilitafuta. Uongo wa chokoleti ungekufa palepale kama watu wawili wangeangaliana na mmoja akamwambia mwenzake, "Jana ilikuwa thelathini." Hahitajiki shujaa, wala jeshi, wala kitabu cha siri, anahitajika shahidi wa pili. Kazi ya hofu katika riwaya hizi, kwa jinsi ninavyoielewa sasa, si kumfanya mtu aamini. Ni kuwazuia mashahidi wawili wasikutane. Mtu aliyezuiwa kulinganisha alichokiona na alichokiona mwenzake hubaki na kumbukumbu moja isiyo na pa kuegemea, na baada ya muda huanza kuishuku kumbukumbu hiyo badala ya kumshuku anayemdanganya.

Kwa mwanga huo nimesoma upya habari ya picha ya gazeti. Winston aliwahi kushika mkononi ushahidi kamili: picha ya Jones, Aaronson na Rutherford, viongozi wa zamani wa mapinduzi, wakiwa New York katika siku ileile ambayo walikiri kuwa katika ardhi ya adui. Aliikalia kwa dakika chache, kisha akaitumbukiza katika tundu linaloteketeza karatasi, kwa sababu aliogopa. Hakuna aliyemwamuru. Miaka mingi baadaye, katika chumba cha mateso, O'Brien, ofisa wa watawala, anamwonyesha picha hiyohiyo, anaiteketeza mbele ya macho yake, na kusema haikumbuki. Wamo watu wawili ndani ya chumba kile, wote wameiona, na bado Winston hana shahidi.

Hata Julia, mpenzi wake, hamsaidii katika hili. Anawachukia watawala kwa moyo wake wote, lakini hakumbuki kwamba miaka minne iliyopita Oceania, nchi yao, ilikuwa ikipigana na Eastasia na kwamba Eurasia ilikuwa rafiki. Winston anapomlazimisha kukumbuka, anakumbuka kwa mbali na kuona kuwa si jambo kubwa. Niliposoma hapo zamani nilimwona Julia kuwa mzembe. Sasa ninaona kwamba mwandishi alimnyima Winston hata yule shahidi aliyempenda.

Wiki ya sita

Nimetoka kidogo nje ya riwaya ili kupima kama mwandishi alikuwa akitia chumvi. Orwell alipigana Hispania mwaka 1937 na akalazimika kukimbia wenzake walipoanza kukamatwa kwa tuhuma za usaliti. Baadaye aliandika kwamba huko aliona magazeti yakisimulia mapigano makubwa mahali ambapo hapakupiganwa, na yakikaa kimya kuhusu mahali walipokufa mamia ya watu. Katika kesi za Moscow za kati ya 1936 na 1938, wanamapinduzi wa zamani walikiri hadharani makosa mazito. Mshtakiwa mmoja alieleza jinsi alivyokutana mwaka 1932 na mwana wa Trotsky, mpinzani wa Stalin aliyefukuzwa nchini, katika Hoteli Bristol mjini Copenhagen, hoteli ambayo haikuwapo tena tangu 1917. Huyo ndiye ndugu wa kweli wa wale watu watatu wa kwenye picha.

Kisa kingine kilitokea baada ya Orwell kufa Januari 1950. Lavrenty Beria, mkuu wa zamani wa polisi wa siri, alipoanguka na kuuawa mwaka 1953, waliokuwa na Ensaiklopidia Kuu ya Kisovieti walitumiwa kurasa mpya, zikiwamo habari za Bahari ya Bering, ili waziweke mahali pa kurasa zilizomsifu. Ninaifikiria familia iliyoketi mezani na wembe, ikikata kurasa hizo kwa mikono yake yenyewe. Wote waliokuwapo pale walijua walichokuwa wakikifanya.

Wiki ya nane

Gilead imenipa mfano ulio wazi kuliko yote. Vijakazi hawaruhusiwi kwenda sokoni peke yao. Lazima waende wawili wawili. Kwa macho ya nje ni ulinzi. Msimulizi anasema ukweli wake kwa maneno machache: mwenzake ni mpelelezi wake, na yeye ni mpelelezi wa mwenzake. Yaani dola limewachukua wale mashahidi wawili ambao uongo unawaogopa, likawaweka bega kwa bega, kisha likaugeuza ukaribu wao kuwa ulinzi wa gereza. Wanazungumza kwa salamu zilizopangwa, na kila mmoja anadhani mwenzake ni muumini wa kweli. Mabadiliko yanaanza siku wanaposimama mbele ya dirisha la duka ambalo mashine zake huchapa sala. Wanatazamana machoni kupitia kioo, na mwenzake, aitwaye Ofglen, anamuuliza kama anadhani Mungu anazisikia mashine hizo. Sentensi moja tu, inayotosha kumwua aliyeisema. Nilipoinakili kwenye kadi mkono wangu ulisita, kwa kuwa nilishafahamu gharama ambayo Ofglen angeilipa baadaye.

Zamyatin amenilazimisha kuirekebisha hoja yangu. Katika Dola Moja, nchi ya riwaya ya Sisi, kuta ni za kioo na kila mtu anaonekana, basi ungetarajia mashahidi wawe wengi. Na kweli, Siku ya Kauli Moja inapofika, maelfu ya mikono inainuliwa kumpinga Mfadhili, yaani mtawala, mbele ya umma wote. Kesho yake gazeti la dola halithubutu kusema kwamba haikuinuliwa. Linasema tu kwamba kuzihesabu kura hizo kungekuwa sawa na kukichukulia kikohozi cha wagonjwa ukumbini kuwa sehemu ya muziki. Uongo umefika ukingoni, kwa sababu wengi wameona kwa pamoja na kila mmoja anajua kwamba mwenzake ameona. Ndiyo maana dola linageukia upasuaji wa kuondoa uwezo wa kuwaza yasiyokuwapo. Penye wengi hapaharibiki neno, na watawala wa riwaya hii wanalijua hilo vizuri kuliko raia wao.

Wiki ya tisa

Bradbury na Collins wamekwenda haraka. Katika Fahrenheit 451, Montag, mhusika mkuu, anapowaponyoka polisi, kamera zinahamia kwa mtu asiye na hatia anayetembea peke yake. Anauawa mbele ya watazamaji, na uso wake hauonyeshwi vizuri. Katika Panem, picha za magofu ya Wilaya ya 13, ambayo watawala wanasema iliteketezwa, zinazorushwa kila mwaka kama habari mpya zina bawa la ndege yuleyule pembeni, na Katniss, mhusika mkuu, analijua hilo kutoka kwa wakimbizi wawili anaokutana nao msituni. Hapo pia, uongo wa miongo kadhaa unatobolewa na mazungumzo ya watu watatu.

Wiki ya kumi

Nimerudi Shamba la Wanyama na kumkuta Boxer, farasi ambaye sikumtendea haki hapo awali. Squealer anaposema Snowball alikuwa msaliti tangu mwanzo, Boxer anapinga mbele ya wote: alimwona akipigana, aliiona damu yake. Anakubali tu anapoambiwa kuwa Napoleon ndiye aliyesema, na Squealer anamtupia jicho baya. Siku chache baadaye mbwa watatu wanamrukia Boxer, kabla ya maungamo na mauaji kuanza. Shahidi aliyesema kwa sauti alikuwa miongoni mwa wa kwanza kutafutwa.

Kadi iliyobaki bila mahali ni ya punda Benjamin. Yeye anasoma vizuri kuliko wanyama wengi. Usiku ule Squealer anapoanguka kutoka kwenye ngazi akiwa na brashi na rangi nyeupe, Benjamin peke yake anaelewa, anatikisa kichwa kama anayejua, na hasemi neno. Clover, jike la farasi, anapomwomba amsomee amri ya sita, anakataa kujiingiza. Hajadanganywa, na sioni popote kwamba anatetemeka. Anapaza sauti siku moja tu, Boxer akiwa tayari ndani ya gari, akiwasomea wenzake maandishi yanayosema kuwa ni gari la mchinja farasi. Hofu haimwelezi, hadaa haimwelezi, na hoja yangu ya mashahidi wawili inamhitaji kuliko mnyama mwingine yeyote. Wiki ijayo nitasoma kurasa anazotokea yeye tu, kwa mpangilio wake, nikianza na jibu lake kwamba punda huishi muda mrefu na kwamba hakuna kati yao aliyewahi kumwona punda aliyekufa.