Ufa kwenye shingo ya swala

Mjomba wangu wa Muheza alikuwa na kalibu ya mbao ya kufyatulia tofali, pembe moja imebenduka kwa ndani. Nyumba zilizojengwa kwa tofali zake ungezijua bila kuuliza: kila tofali lina nundu pale pale. Elimu hiyo ndiyo ninayoitumia leo hapa Birmingham, siku ambazo siendeshi basi, kukusanya beji za kofia za askari wa zamani.

Kujua umri wa beji, wengi huanza na taji lililo juu yake. Taji la Victoria ni la kabla ya 1901, la wafalme waliomfuata likadumu hadi 1952, kisha likaja la Elizabeth. Sawa, lakini miaka 50 ile ya katikati ina vita vikuu viwili ndani yake! Na tangu 2022 Mfalme Charles amelirudisha taji la mtindo ule ule wa wafalme. Kazi wanayo wajukuu.

Isitoshe, beji ninayoipenda kuliko zote haina taji. Ni ya kikosi cha huku huku, Royal Warwickshire: swala mwenye mnyororo shingoni, chini yake utepe wenye jina. Swala ni wa metali nyeupe, utepe wa shaba ya njano.

Hapo inabidi uisome kalibu. Ni pande la chuma cha pua lililochongwa picha kwa ndani. Bamba la metali linawekwa juu, mashine inagonga. Ikigonga maelfu ya mara chuma huchoka, kinapata ufa. Metali inaingia kwenye ufa, na beji inatoka na mstari ulioinuka, mwembamba kama unywele. Ufa haujifungi wenyewe. Basi kwa kalibu moja, beji ya mstari mfupi ni kaka mtu wa ile ya mstari mrefu, muuzaji aape asiape.

Ninazo sita. Nikizimulika kwa tochi ya simu kutoka ubavuni naona tatu zimetoka kalibu moja: zote zina kikovu kile kile juu ya kwato. Ya kwanza haina mstari. Ya pili ina mstari unaoanzia shingoni na kukomea kwenye mnyororo, nayo ni ya shaba tupu, swala na utepe, mtindo wa kubana matumizi ulioanza 1916. Ya tatu ni ya rangi mbili na mstari umeshuka hadi begani. Hiyo niliuziwa pauni 30 kama "ya kabla ya vita". Vita vipi, labda!

Halafu nikaona vipele kifuani mwa swala wa hiyo ya tatu. Vishimo vingenitia wasiwasi wa beji ya kumimina, yaani ya kuigiza kwa metali iliyoyeyushwa, ambayo pia huwa ndogo kidogo kwa sababu metali hunywea ikipoa. Vipele ni habari nyingine: kalibu ilikaa ikashika kutu, kisha mtu akaigonga tena. Kalibu nyingi zimeishi kuliko vikosi vyenyewe, na beji mpya zimetolewa humo miongo mingi baadaye.

Mke wangu aliniambia nikadai pauni zangu. Sikwenda. Nimeiweka ya tatu kwenye mstari, baada ya ile ya shaba tupu, na nyuma yake nimeandika kwa penseli: kutu.